Mshahara Haujui Kusi wala Kaskazi

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja kwa wingi hapa Lamu jioni ya leo.

Nimekuja kuzungumzia serikali za visiwa vidogo ambazo mapato yao hayatoshi hata matumizi ya kawaida. Sisemi kujenga bandari. Nasema kumlipa nesi mwisho wa mwezi, kununua dawa, kutia mafuta kwenye boti ya wagonjwa.

Tuvalu, kule Pasifiki, ina watu kama 11,000 waliotawanyika katika visiwa tisa. Kila kisiwa chataka zahanati na shule, hata wakazi wakiwa mia chache. Mapato nayo hutegemea sana leseni za meli za kigeni zinazovua jodari, na jodari hufuata joto la bahari. Mwaka huu hazina inafurika, mwakani imekauka. Mshahara haujui kusi wala kaskazi.

Basi mwaka 1987 wakaanzisha mfuko wa dhamana, wakachangia wenyewe pamoja na Australia, New Zealand na Uingereza. Nawasihi mwelewe unavyokwenda, maana hapa ndipo penye akili. Mtaji umewekezwa nje, na thamani yake hulindwa isiliwe na mfumuko wa bei. Faida ikizidi kile kinachotakiwa kulinda thamani hiyo, ile ziada tu ndiyo huingia akaunti ya pili, na humo ndimo serikali huchota kuziba nakisi, yaani pengo la bajeti. Mwaka usio na ziada, hakiingii kitu.

Nauru, kisiwa kingine cha Pasifiki, ilikuwa tajiri zaidi kwa fosfati yake, madini ya kutengenezea mbolea. Fedha zikatapanywa, na mwaka 2004 jengo lao kubwa la Melbourne, Australia, likauzwa kwa madeni. Jirani zetu Shelisheli nao walishindwa kulipa deni mwaka 2008.

Lamu si nchi, najua, na sehemu kubwa ya bajeti ya kaunti yetu hutoka Nairobi. Lakini fungu hilo likichelewa, anayeumia ni mgonjwa wa Faza na mwalimu wa chekechea wa Kizingitini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka mikopo ya kaunti iende kwenye maendeleo, isiende kwenye mishahara. Naiunga mkono kwa moyo wote, ila sheria haituwekei akiba. Kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa kwenye bunge la kaunti, na maoni ya wananchi yanapaswa kuzingatiwa. Twendeni tukaulize: mwaka mapato yetu wenyewe yakipanda, ile ziada inawekwa wapi, na ni nani mwenye ruhusa ya kuigusa?