Gari haiwaki Jumatatu? Usinunue betri ingine kabla hujapima hivi

Sasa watu wangu, tuko hapa Kirinyaga Road na Probox ya mteja. Ameshabadilisha betri mara mbili na bado akiiacha wikendi, Jumatatu anatafuta jirani wa kumjampia. Aki inaniuma, pesa ya betri mbili.

Mita ya umeme, ile multimeter, weka volti, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, hiyo mnajua. Imelala imezimwa, inasoma 12.5, betri iko poa. Washa... 14.2, alteneta inachaji. Basi kuna kitu inakula moto wa betri gari ikiwa imezimwa.

Zima, toa ufunguo. Fungua mlango wa dereva, halafu ile loki yake uifunge kwa bisibisi ndio gari idhani mlango umefungwa. Hapa sasa mniskize vizuri. Waya nyekundu ya mita unaitoa kwa tundu la volti unaipeleka kwa lile la 10A, yaani ampea kumi. Narudia, 10A. Legeza terminali ya hasi, spana namba 10, chanya usiguse, mita ikae katikati ya hiyo terminali na betri. Na usiwashe gari! Starta inavuta zaidi ya ampea mia, fyuzi ya mita inaenda hapo hapo. Nilichoma mbili siku moja na gari ya mtu inangoja. Usiwashe gari, tafadhali.

Inasoma ampea 3.1, usishtuke, kompyuta za gari hazijalala. Ngoja nusu saa.

Sawa, chai imeisha, tuko 0.82. Inafaa iwe chini ya 0.05. Hebu leta kamera huku nyuma... unaona taa ya buti? Buti haijashika vizuri, hiyo ni sisi. Funga. Ngoja itulie... 0.40. Hiyo sasa ndiyo ya mteja, na siku mbili za 0.40 ni kama ampea-saa 19, betri ndogo kama hii ya 35 inabaki chini ya nusu.

Chomoa fyuzi moja moja, macho kwa mita. Taa, hakuna. Hon, hakuna. Redio... 0.02! Mmeona? Hii redio iliwekwa baadaye, na aliyeiweka aliunga waya ya swichi pamoja na ile ya moto wa kudumu, kwa hivyo haizimiki kabisa, skrini tu ndiyo inazima. Mimi nazichukia hizi kazi za haraka.

Tumetenganisha, tepu, fyuzi imerudi, 0.03. Kaza terminali. Mita kama hii ninazo hapa dukani, na kama fyuzi za gari yako zinakuchanganya niandikie hapo chini, taja gari na mwaka.