Mchakato Uliokwama Unasubiri Nini?

Karibuni, ndugu zangu. Video imekatwa vipande, vipande vimegawiwa seva ishirini zivibane kwa FFmpeg, programu ya kubana na kubadili video. Kumi na tisa zimemaliza, moja imenyamaza. Wengi hapo hukimbilia kuua mchakato, yaani hiyo FFmpeg inayoendelea na kazi, na kuanza upya. Nawasihi muulize kwanza: unasubiri nini? Ukiuua mapema, ushahidi umekwenda nao.

Lakini huenda haujakwama. Kubana video ya 4K kwa libx265, kibanaji cha H.265 ndani ya FFmpeg, kwa kiwango cha polepole sana cha `veryslow` ni kazi ya kobe. Endesheni FFmpeg kwa `-progress` iandike kwenye faili, kisha someni `out_time`, yaani muda wa video uliokwisha kubanwa, mara mbili, dakika mbili zikipita katikati. Ikisogea hata kidogo, iacheni.

Isiposogea, ingieni kwenye seva hiyo, mwandike `ps -o pid,stat,wchan:30,cmd -p` na namba ya mchakato. Tazameni herufi ya kwanza ya `STAT`, inayoonyesha hali ya mchakato, na safu ya `WCHAN`, inayoonyesha unasubiri wapi ndani ya Linux.

Mkiona T, umesimamishwa. FFmpeg husikiliza kibodi. Ikiendeshwa chinichini (background) kisha ikajaribu kuigusa terminali, Linux huisimamisha. Dawa ni `-nostdin`, inayoizuia kusikiliza kibodi, pamoja na `-y`, inayoiruhusu kuandika juu ya faili lililopo, kwa sababu kipande kinachorudiwa hukuta faili la awali, na bila `-y` kazi itakatishwa kwa kosa.

S, yaani umelala ukisubiri, ikiambatana na `pipe_write` kwenye `WCHAN` ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Programu mratibu, ile inayogawa vipande, imeshika paipu (mfereji wa data kati ya programu mbili) ya stderr, njia ambayo FFmpeg hutolea taarifa zake, lakini haisomi kinachopita humo. Paipu ya Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Ikijaa, FFmpeg husubiri nafasi isiyopatikana kamwe. Ndiyo maana vipande vifupi hupita salama na virefu hukwama: vifupi humaliza kabla paipu haijajaa. Kupunguza maneno kwa `-loglevel warning -nostats` kunaahirisha tu tatizo. Someni paipu muda wote, au elekezeni stderr kwenye faili.

D ni kusubiri diski, na kwenye mitambo ya namna hii mara nyingi ni NFS, yaani mafaili yaliyoko kwenye seva nyingine na kufikiwa kwa mtandao. Ikiwa imeunganishwa kwa chaguo la `hard`, itasubiri hadi seva ya mafaili irudi, na wakati mwingine hata `kill -9` haiutikisi mchakato. Msihamie `soft`, inayokata tamaa muda ukipita: data inaweza kuharibika katikati ya kuandikwa. Nakilini kipande kwenye diski ya seva yenyewe, kibaneni hapo, ndipo mrudishe matokeo.

R, yaani unafanya kazi, huku `out_time` imeganda? Kipeni seva nyingine kipande hicho. Kikikwama na huko, kasoro imo ndani ya kipande. Kikipita, ichunguzeni seva ya kwanza.

Mratibu naye asiridhike kwamba mchakato uko hai, maana uliokwama nao uko hai. Apime `out_time`. Ikiganda kupita kikomo mlichoweka, arudishe kipande kwenye foleni, na jina la faili la matokeo libebe namba ya jaribio, ili mchakato wa zamani ukizinduka kutoka D usiandike juu ya kazi mpya.