Jinsi ya Kuweka Mswada Wako wa Tamthilia Mtandaoni Upate Mtayarishaji

Haya, karibuni wapenzi wa jukwaa, nipo hapa hapa Bagamoyo. Leo tunapandisha mswada kwenye New Play Exchange, tovuti ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2015 na National New Play Network, umoja wa majumba ya tamthilia yanayotafuta kazi mpya. Mwandishi anaweka mswada wake, watayarishaji na waongozaji wanapekua, anayeupenda anamtafuta mwenyewe. Sisi huku tumezoea kungoja tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, ndipo tukutane na wageni. Likiisha, mswada unarudi kabatini. Mtandaoni unaonekana mwaka mzima.

Anza na faili. Uwe umechapwa, una namba za kurasa, na umehifadhiwa kama PDF. Ukurasa wa kwanza weka jina la tamthilia, jina lako na baruapepe. Unaofuata weka wahusika: jina, umri, na sentensi moja kuhusu kila mmoja. Tafadhali, usipige picha daftari kwa simu ukatuma hivyo, kidole gumba nacho kimo pichani.

Sasa fungua akaunti ya mwandishi. Inalipiwa kwa mwaka, kwa dola. Kama huna kadi ya benki, jaribu ile kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Wasifu wako uwe mfupi. Vyeti vya warsha za mwaka juzi viache.

Tukishaingia, bofya sehemu ya kuongeza tamthilia mpya. Hapa tusikimbie. Unaulizwa urefu, aina ya tamthilia, idadi ya waigizaji. Msijaze ilimradi, maana mtayarishaji anachuja kwa vitu hivi kabla hajasoma hata mstari mmoja. Na angalia: wameuliza waigizaji, si wahusika. Chuoni kwetu ukitaka wanakijiji ishirini na wapiga ngoma juu, unawapata. Mwenye jumba dogo kule analipa kila anayepanda jukwaani, kwa hiyo anaweza kutafuta tamthilia ya watu wanne tu. Chukua kalamu, pitia onyesho kwa onyesho: nani hakutani na nani? Mzee wa mtaa na dalali wanaweza kuchezwa na mtu mmoja? Basi hesabu mwigizaji mmoja, na ueleze hivyo kwenye ukurasa wa wahusika.

Kinachofuata ni muhtasari, na wengi huharibu hapa. Tazama huu kwenye skrini: “Tamthilia hii inahusu changamoto za maisha na umuhimu wa mshikamano katika jamii.” Umeelewa nini? Hata mimi sijaelewa. Sasa soma huu: “Mchuuzi wa samaki Bagamoyo amekopa kikobani kununua jokofu. Siku ya marejesho imefika, wanachama wako uani, na mumewe keshaliuza.” Hapo kuna mtu, kuna deni, kuna mlango utakaogongwa. Mwisho wa hadithi usiuseme.

Muhtasari uandike kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wanaopekua ni Wamarekani, lakini taja wazi kwamba mswada ni wa Kiswahili. Tafsiri kamili ikiwepo, vizuri zaidi. Kama haipo, tafsiri onyesho moja lenye nguvu uliweke kama sampuli. Mimi ningechagua onyesho la ugomvi, sio la maombolezo. Ugomvi unavuka lugha haraka.

Umeshapandisha? Usikae. Soma kazi za wenzako humo, uandike mapendekezo ya kweli kwa zile zilizokugusa. Ndivyo watu wanavyoanza kukufahamu, na wapo watakaofungua na ukurasa wako.

Neno kuhusu haki. Tovuti hii haikununulii mswada wala haiuzi vibali vya maonyesho. Mapatano ni kati yako na mtayarishaji. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu uiandike, uhai wako wote na miaka 50 baadaye. Hata hivyo isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, upate ushahidi mkononi siku ya mzozo. Mtayarishaji akikuandikia, muulize maonyesho mangapi, mji gani, kuanzia lini hadi lini, malipo kiasi gani kwa kila onyesho, na nani atakayeruhusiwa kubadilisha maneno. Mkataba ukisema unatoa “haki zote, milele”, usisaini. Mrudishie, mwambie aandike idadi ya maonyesho na tarehe.