Mifupa Yetu, Tangu Kuruka Kamba Hadi Uzeeni
Mhadhara kwa akina mama na wazee, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi mabinti mliokuja na mama zenu, msidhani mmewasindikiza tu. Sehemu kubwa ya maneno ya leo inawahusu ninyi.

Naanza na jambo linaloniumiza kazini. Analetwa bibi wa miaka sabini na kitu, ameshalala nyumbani wiki nzima. Mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenziwe, na unyayo umelalia upande wa nje. Nyonga imevunjika, hata kabla ya picha ya eksirei inaonekana. Nikiuliza, naambiwa, "Aliteleza chooni, daktari, lakini ni uzee tu." Uzee hauvunji mfupa, jamani. Mzee akianguka akashindwa kuukanyagia mguu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asichuliwe wala kuvutwa mguu. Upasuaji unafaa ufanyike ndani ya siku mbili, kwa sababu kinachowaua wazee hawa ni kule kulala: nimonia, vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni. Hata kwenye nchi zenye hospitali nzuri, katika kila wazee 5 wanaovunjika nyonga, mmoja au zaidi hafikishi mwaka.

Sasa kwa nini kuteleza kumvunje bibi, na mjukuu aliyeteleza pale pale anyanyuke akicheka?

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa palipochakaa na nyingine zinazojenga upya. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. Ukiwa mtoto wajenzi wanawazidi wabomoaji, na kipindi kizito kuliko vyote ni balehe. Katika miaka 2 hivi, pale binti anaporefuka ghafla na sare ya shule kumfupia, mwili wake huweka takriban robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Akifika miaka 30 hivi akiba imefika kileleni. Baada ya hapo tunaila.

Sasa tazameni tunavyomfanyia binti huyo. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na andazi, basi. Na ndio umri tunaomwambia aache kuruka kamba na kucheza rede kwa sababu "amekuwa mkubwa". Mwacheni aruke! Mfupa huongezeka nguvu kwa mshindo wa miguu kugonga ardhi, na mshindo wa umri ule hauna mbadala.

Kwa siku anahitaji miligramu 1,300 hivi za kalsiamu, madini yanayojenga mfupa. Glasi ya maziwa ya robo lita ina kama 300. Maziwa ghali? Dagaa wapo, na uzuri wao ni kwamba wanaliwa wazima, mifupa na vyote. Mboga za majani pia, ingawa sukuma wiki huiachia kalsiamu yake kwa urahisi kuliko mchicha.

Halafu jua. Kalsiamu haifyonzwi vizuri bila vitamini D, na vitamini D tunaipata zaidi kwa jua kugusa ngozi. Jua la Tanga lipo mwaka mzima, lakini halifanyi kazi hiyo likipitia baibui, wala kioo cha dirisha. Uani, panapositirika, funua mikono na miguu kidogo kila siku. Na kitoto kichanga kisifichwe chumbani miezi na miezi; ndiko matege yanakoanzia.

Niende kwa mama zangu. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wale wabomoaji inashuka, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake katika miaka 5 hadi 7. Haumwi popote. Mara nyingi habari ya kwanza ni kuteleza kidogo, unajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kinavunjika. Mama wa miaka 55 aliyevunjika hivyo asiishie kufungwa plasta akarudi zake. Amuulize daktari kuhusu mifupa yake yote, kwa maana dawa zipo. Alendronati hunywewa mara moja kwa wiki asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na usilale nusu saa nzima, la sivyo itakuchoma koo.

Na hapa nawaomba mnisikilize sana. Kuna vidonge vinauzwa madukani kama "dawa ya viungo", na mabinti wanavinunua kama dawa ya kunenepa: prednisoloni na deksamethasoni. Siku ya pili maumivu yamekwisha. Mwezi wa pili uso umejaa, watu wanakusifu umenawiri. Kumbe ndani mfupa unaliwa, tena kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Prednisoloni ya miligramu 5 tu kwa siku, ikiendelea miezi 3, imeshaongeza hatari ya kuvunjika. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa na kuporomoka, hata kwa kijana, kama tunavyoona kwa wenye siko seli. Unga wa mitishamba unaomaliza maumivu usiku huo huo nao uushuku. Huenda umechanganywa na vidonge hivyo hivyo. Ila aliyeandikiwa na daktari kwa pumu au baridi yabisi asiache ghafla. Hilo nalo linaua. Arudi kwa daktari apunguziwe taratibu.

Magoti nitayagusa tu. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haina mishipa ya damu, hulishwa na ute wa kiungo mguu unapokunjwa na kukunjuliwa. Kwa hiyo kukaa kitako siku nzima kwa kuogopa maumivu ni kulinyima goti chakula. Na mzito akipungua kilo 1, kila hatua goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4.

Tumalizie kwa vitendo. Wote mlio kwenye viti, kunjeni mikono kifuani. Simama, kaa, mara 5 bila kushika kitu, jirani akuhesabie. Mzee anayezidi sekunde 15 misuli ya mapaja imelegea, na huyo ndiye anayeanguka usiku akienda chooni gizani na ndala zilizolika.

Nawaona wawili watatu mmeshika meza, msione vibaya. Kuanzia leo mweke mto mnene kwenye kiti ili mkao uwe juu, kiti kiegemee ukuta, mjukuu asimame karibu. Inukeni mara 5 asubuhi, mara 5 jioni. Ikishakuwa rahisi, ondoeni mto. Mama wa kitenge cha bluu, njoo hapa mbele tuanze na wewe.