Uvimbe usio na rangi huenda una damu

Wenzangu wa ultrasaundi, tunapotafuta damu ndani ya uvimbe kwa Dopla, yaani kipimo kinachoipaka rangi damu inayotembea, tuanze na mkono ulioshika proba, kile kifaa kinachowekwa juu ya ngozi. Mishipa inayoota ndani ya uvimbe wa saratani ni dhaifu; mingi haina misuli ukutani. Ukigandamiza titi au tezi ya shingoni hata kidogo, mishipa inajifunga, damu inasimama, nawe unaandika kwenye ripoti "hakuna mishipa". Daktari atakayeisoma hakuona mkono wako. Kwa hiyo paka jeli nyingi, proba ielee juu yake.

Damu humo hutembea polepole. Kwenye mashine, shusha kipimo cha kasi hadi sentimita 3 au 5 kwa sekunde, na kichujio, kinachofuta mwendo wa polepole, kiwe chini kabisa. Kisanduku cha rangi kifunike uvimbe na ukingo wake tu, maana kikipanuliwa picha zinakuja kwa kusuasua. Pandisha geini, yaani ukuzaji wa mawimbi yanayorudi, mpaka chenga zitokee, kisha irudishe taratibu hadi zipotee. Dopla ya nguvu, inayopima nguvu ya mwangwi wa damu badala ya kasi yake, hunasa mtiririko hafifu vizuri kuliko Dopla ya rangi, ila huvurugwa na kila mtikisiko: mgonjwa abane pumzi kidogo.

Hata hivyo, kapilari hazitaonekana. Hapo ndipo tunahitaji viputo vya gesi ya salfa heksafloraidi, vinavyodungwa mshipani ili damu ing'ae kwenye picha. Ukubwa wake haupiti sana chembe nyekundu ya damu, kwa hiyo hubaki ndani ya mishipa, na gesi hutoka kwa pumzi. Kwa ini, dozi ya kawaida ni mililita 2.4, ikifuatiwa na mililita 10 za maji ya chumvi. Tumia kanula (mrija mdogo wa mshipani) ya geji 20. Sindano nyembamba na msukumo wa nguvu huvipasua viputo kabla havijafika.

Anza kuhesabu muda unaposukuma maji ya chumvi. Saratani iliyoanzia kwenye ini kwa kawaida hung'aa mapema, halafu hufifia kidogo baada ya sekunde 60. Iliyosambaa kutoka kiungo kingine hufifia mapema zaidi, tena sana.

Hapa naomba umakini wenu wote. Mawimbi ya sauti ya proba yenyewe hupasua viputo. Weka MI, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi hayo, karibu na 0.1, tazama mfululizo dakika ya kwanza, kisha inua proba na uirudishe kwa sekunde chache tu kila baada ya nusu dakika, hadi dakika ya 5. Ukiing'ang'aniza sehemu moja, uvimbe utafifia kwa sababu yako, nawe utampa mgonjwa saratani asiyokuwa nayo.