Mwezi Ukipevuka Kibirizi: Mazungumzo na Waandishi Vijana, Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Mmeniuliza mawazo ya kuandika hutoka wapi. Nitaanzia hapo Gombe, maana si mbali. Mwezi wa saba mwaka 1960 alishuka pale binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, kuwachunguza sokwe wa msitu ule. Shahada ya chuo hakuwa nayo. Sokwe walimkimbia miezi mizima, naye akawa anarudi kukaa kilimani na darubini na daftari lake. Mwezi wa kumi na moja akamwona dume mmoja kwenye kichuguu: anachomeka unyasi tunduni, anauchomoa umejaa mchwa, anawala. Wataalamu wengi wa wakati ule walishikilia kwamba zana ni za binadamu peke yake. Sasa, vichuguu nani hapa havijui? Tumevipita tukienda shule, kumbikumbi wake tumewala. Tulichokosa ni kukaa.

Na kuna kishonanguo, yale magugu yetu ambayo mbegu zake hung'ang'ania nguo. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini na mbwa wake wakiwa wamegandwa na mbegu za magugu ya kwao. Akaziweka kwenye hadubini, akaona vindoano vidogo vidogo. Ndipo zilipotoka zile nata za viatu na mabegi, zinazolia kraa ukizibandua. Ila lisikilizeni jina letu: ki-shona-nguo. Aliyelitamka mara ya kwanza alikuwa ameshaona mbegu inavyofanya kazi ya sindano. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili asiyapite majina ya vitu. Ndani yake kuna macho ya watu waliotutangulia.

Nami niwape la kwangu. Kwa miaka niliandika kwamba taa za wavuvi wa dagaa ziwani ni kama nyota zilizoanguka majini. Kila mtu Kigoma ameshaliandika hilo! Siku moja nikateremka Kibirizi usiku nikae tu mchangani, nikakuta ziwa halina hata taa moja. Mitumbwi imepumzika. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniambia, "Mwanangu, mwezi umepevuka. Dagaa hawafuati karabai mbingu ikiwa nyeupe."

Nilikaa na sentensi ile mpaka baridi ikaniingia. Kumbe kuna nyumba hapa mjini ambazo baba hulala nyumbani kwa kufuata mwezi. Nikamwona mtoto anayechungulia dirishani kila jioni, mwezi unanenepa, naye anahesabu: bado siku tatu, bado mbili. Watoto wengine wanapenda mbalamwezi kwa michezo. Huyu anaipenda kwa sababu inamrudisha baba yake. Na mwezi ukianza kumegeka, anaununia. Hadithi nzima nilipewa na giza la ziwa, usiku ambao hakukuwa na cha kutazama.

Kesho alfajiri nendeni mwaloni. Mtawakuta akina mama wanaanika dagaa. Salimieni kwanza, ombeni ruhusa, halafu kaeni saa nzima na simu zikiwa mfukoni. Tazameni mikono: nani anatandaza, nani anachambua, nani anafukuza ndege. Andikeni mambo kumi mliyoyaona, na neno "kama" lisiwemo hata mara moja. Jumamosi mtanisomea.