Saa nane za usiku, nani anasema "twende"?

Karibuni kliniki, mama zangu. Na nyie kina baba mliokuja, asanteni, maana leo nimewakusudia nyie hasa.

Habari za begi la kujifungulia nitapita haraka. Kanga safi, mpira wa kujifungulia, glovu, pamba, nguo za mtoto, kadi ya kliniki juu kabisa. Wengi wenu mmeshafunga.

Ninalouliza ni hili: mama akishikwa uchungu saa nane za usiku, nani anasema "twende"? Maana yake ninayoyaona hapa ni mume kumpigia kaka yake, kaka kumpigia mama mkwe, mama mkwe kusema kwanza kupambazuke, uzazi wa kwanza huchelewa. Ni kweli huchelewa. Ila huyu ana mimba ya nne! Kaeni leo jioni mpange: anaondoka na nani, kwa chombo gani, watoto wanabaki kwa nani, hela iko wapi. Na mama mwenyewe akisema twende, basi safari imeanza. Asiyepokea simu atatukuta huko.

Uchungu wenyewe utaujua. Tumbo linakaza kama ngoma, linaachia, linakaza tena, na kila mara linazidi nguvu na kukaribiana. Ukitembea hauishi, ukilala hauishi. Ule wa uongo huja ovyo ovyo, ukipumzika unapoa. Chupa ya maji ya uzazi ikipasuka, njoo hata kama huumwi. Maji yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia ndani, hapo usiseme unamalizia kufua.

Yapo yasiyongoja uchungu: kutokwa damu, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana huku macho yanaona ukungu. Hilo la mwisho linaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Ni presha hiyo, si mashetani. Bibi, usinitazame hivyo, nakuheshimu, lakini kombe, yale maji ya kuoshea maandiko, halishushi presha.

Na zile dawa za mizizi za kuongeza uchungu, jamani, acheni. Mfuko wa uzazi unaweza kubana pasipo kuachia, mtoto akakosa hewa, au mfuko ukapasuka. Sisi pia tunayo dawa ya kuongeza uchungu, ila tunaipima kwa matone huku tunasikiliza mapigo ya mtoto. Mtoto akishatoka tunakuchoma sindano ya paja ili mfuko ukaze, damu isimwagike. Nyumbani sindano hiyo nani atakuchoma? Na hata mkija kwetu, tafuteni ndugu wawili walio tayari kuchangia damu.

Sasa usafiri. Bodaboda kwa mama mwenye uchungu sipendi, nasema wazi. Ikiwa ni dharura, hapa Tanzania kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito: unapiga 115, bure. Gari la wagonjwa likikosekana, wanatuma dereva wa mtaani waliyekubaliana naye, na nauli analipwa na mfumo, si wewe. Toeni simu, kina baba, tuiandike sasa hivi. Moja, moja, tano.